Sekondari kubwa ya New York iliyovunjwa ili kila mtoto afike mahali: kisa cha Julia Richman

Kuna jengo moja Manhattan, East 67th Street, upande wa Upper East Side ambako ni mtaa wa wenye nazo, jengo kubwa la shule linalobeba jina la Julia Richman, mama aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa msimamizi wa shule wa wilaya katika jiji la New York na aliyefariki 1912. Jengo lilifunguliwa miaka ya 1920, kwa miaka mingi shule ilikuwa ya wasichana, baadae ikawa ya mchanganyiko. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba katika kila watoto 10 walioingia darasa la 9 waliomaliza ndani ya miaka minne inayotakiwa hawakufika hata 4. Wengine walichelewa, wengi zaidi walipotea tu kimya kimya, mtoto leo yupo kesho hayupo na hakuna anayeuliza.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Kila mahali serikali ikitaka kubadili sekondari ili iandae watoto kwa chuo na kwa kazi, inaanzia kwenye mtaala, inaongeza masomo, inapunguza masomo, inabadilisha majina ya mikondo, inanunua komputa. Pale Julia Richman walianzia kwingine kabisa, waliuliza nani kwenye hii shule anamjua huyu mtoto kwa jina na kwa kazi zake, na nani ana haki ya kusema kwamba mtoto huyu ameiva sasa anaweza kwenda. Maswali hayo mawili ndio yaliyobadilisha kila kitu kingine, na mimi naamini ndio mpangilio sahihi, ndio maana naandika kwa urefu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Sekondari kubwa ya mjini Marekani, ile inayoitwa ya wote kwa sababu ina kila kitu ndani, ilibuniwa kwa ajili ya kuchuja. Mkondo mmoja wa wanaokwenda chuo, mwingine wa biashara na ukarani, mwingine wa ufundi, na mwingine wa wale ambao hakuna aliyejua wanaenda wapi. Enzi za viwanda vilivyoajiri watu bila cheti mfumo huo ulikuwa unavumilika maana hata aliyeacha shule alipata kibarua cha maana. Viwanda vikaondoka New York, lakini shule ikabaki inachuja vile vile. Alafu angalia hesabu ya mwalimu. Mkataba wa walimu wa sekondari jijini pale ulikuwa unaruhusu mpaka watoto 34 darasani, na mwalimu alikuwa anafundisha vipindi vitano kwa siku. Zidisha, unapata watoto 170. Mwalimu akiamua kusoma insha ya kila mtoto kwa dakika 10 tu hiyo ni zaidi ya masaa 28, nje ya muda wa kufundisha. Kwa hiyo hasomi, sio kwa uvivu, haiwezekani. Anatoa maswali ya kuchagua a, b, c, d, anasahihisha haraka, na mtoto anamaliza shule bila kuwahi kuandika kitu kirefu ambacho mtu mzima amekisoma mpaka mwisho na kumrudishia akirekebishe. Mtoto huyo huyo akifika chuo wiki ya kwanza anaambiwa leta kurasa 8.

Na mlangoni pale kulikuwa na mashine za kukagua chuma, kama uwanja wa ndege, maana ugomvi ulikuwa mwingi. Watoto karibu wote walikuwa wanatoka mbali na mtaa ule, wengi weusi na Walatino kutoka familia za kipato cha chini, wanapita kwenye maghorofa ya matajiri kwenda kwenye shule ambayo majirani waliiogopa.

Sasa nani aliingilia. Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Deborah Meier, mwalimu, ambaye 1985 alianzisha sekondari ndogo East Harlem, Central Park East Secondary School, kwa watoto wa mtaa ule ule maskini, na wengi wao wakawa wanamaliza na kwenda chuo, kitu ambacho watu walikuwa hawakitegemei. Alipata tuzo ya MacArthur 1987. Shule yake ilikuwa kwenye mtandao wa shule wa Theodore Sizer wa Chuo Kikuu cha Brown ulioanza 1984, ambao wazo lake kubwa lilikuwa kufundisha mambo machache kwa kina badala ya mengi kwa kupitia juu juu. Na kulikuwa na Ann Cook na Herb Mack, waliokuwa wanaendesha Urban Academy, shule ndogo ya watoto ambao shule nyingine zimewashinda au wao wamezishinda. Hawa watu pamoja na jiji na chama cha walimu wakakubaliana jambo ambalo mpaka leo naliona la ujasiri: tusiikarabati Julia Richman, tuimalize, halafu jengo lizaliwe upya na shule kadhaa ndogo ndani yake.

Namna walivyofanya ndio somo lenyewe kwahiyo nitaeleza taratibu. Mwaka 1993 shule ya zamani ikaacha kupokea darasa la 9 jipya. Waliokuwemo wakaendelea, kila mwaka wanapungua, mpaka kundi la mwisho likaondoka 1996. Wakati huo huo shule mpya ndogo zikaanzishwa nje ya jengo, kwenye majengo mengine, zinaanza na watoto wachache wa darasa la 9 tu, mwaka unaofuata zinaongeza darasa, hivyo hivyo. Kwa hiyo walimu walipata muda wa kujenga utaratibu wao na desturi zao bila kuwa ndani ya jengo lililojaa mazoea ya zamani. Miaka miwili baadae baadhi ya hizo shule zikahamia Julia Richman zikiwa tayari zinajua kutembea, nyingine zikaamua kubaki zilipo. Urban Academy nayo ikahamia pale 1995. Na chama cha walimu kilikubali kwamba walimu wa shule mpya wachaguliwe na kamati ya shule yenyewe, badala ya mtu kuletwa tu kwa sababu ana miaka mingi kazini. Hilo la chama cha walimu watu hulipita haraka lakini bila hilo nadhani mpango wote ungekufa, maana ukimleta mwalimu asiyeamini utaratibu mpya kwenye shule ya walimu ishirini unakuwa umeingiza shida kubwa sana, kwenye shule ya walimu mia mbili angejificha.

Kila shule ilibaki ndogo, watoto mia tatu na kidogo au chini ya hapo. Udogo peke yake hausaidii kitu, nitarudi hapo, lakini uliwezesha mambo ambayo kwenye shule ya watoto elfu mbili tatu hayawezekani. La kwanza ni mwalimu mlezi. Kila mwalimu alipewa watoto kama 15, anakutana nao kama kikundi mara kadhaa kwa wiki, anajua nani mama yake anaumwa, nani hajaleta rasimu ya pili, nani amekosa siku tatu. Mzazi akipiga simu anaongea na mtu huyo mmoja. Wengi wetu tuliosoma madarasa ya watoto sitini sabini tunaweza kuona hii kama anasa, lakini subiri uone hela ilitoka wapi, maana bajeti kwa kila mtoto haikuwa ya ajabu.

Ilitoka kwenye vyeo. Shule kubwa inabeba watu wengi wasiofundisha: wasaidizi wa mkuu wa shule kwa kila idara, wasimamizi wa nidhamu, washauri wa masomo, waratibu wa programu hii na ile. Shule hizi ndogo ziliamua karibu kila mtu mzima mwenye taaluma afundishe na awe mlezi. Wakapunguza idadi ya masomo mtoto anayosoma kwa wakati mmoja, wakarefusha vipindi, wakaunganisha fasihi na historia mwalimu mmoja akazishika zote. Ukifanya hivyo mwalimu aliyekuwa anakutana na watoto 170 anakutana na nusu yake au pungufu. Sasa insha inasomeka.

La pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, ni namna ya kumaliza shule. Jimbo la New York lina mitihani yake ya siku nyingi inaitwa Regents, mtihani wa mwisho kwa kila somo. Shule hizi, pamoja na nyingine za aina yake zilizoungana nazo kwenye mtandao mmoja, tofauti na ule wa Sizer, ziliomba ruhusa kutotumia karibu yote, na 1995 kamishna wa elimu wa jimbo Thomas Sobol akawapa. Badala ya mtihani mwanafunzi analeta kazi kubwa nne: uchambuzi wa kifasihi, utafiti wa masuala ya jamii au historia, jaribio la sayansi alilolibuni mwenyewe, na tatizo la hisabati ya juu alilolitatua. Kila moja anaiandika, na kila moja anaitetea mbele ya jopo.

Hebu twende karibu tuone kikao kimoja kinavyokuwa. Chukua binti wa darasa la 12 aliyefanya jaribio la sayansi. Mezani kuna mwalimu wake, mwalimu mwingine asiyemfundisha, na mara nyingi mtu mzima wa nje, anaweza kuwa mtafiti, mzazi au mtu wa fani. Kwenye shule ya Meier ilikuwa kawaida pia awepo mwanafunzi mdogo, ili aone kinachomsubiri. Binti anaeleza swali lake lilikuwa nini, alitegemea nini, alipima vipi, namba zilisemaje. Halafu wanaanza kumuuliza. Kwanini ulipima mara hizi na sio zaidi. Hii namba moja iliyokaa mbali na wenzake umeifanyaje, umeifuta au umeiacha, na kwanini. Kama mtu anakubishia kwamba sababu ni kitu kingine utamjibu nini. Ukirudia kesho utabadilisha nini. Wanapima kwa vigezo vilivyoandikwa ambavyo binti amevijua tangu mwanzo, na shule zote za mtandao zinavitumia vile vile. Kazi ikiwa haijafika haambiwi ameanguka aende nyumbani, anaambiwa sehemu hii na hii haijasimama, rudi kairekebishe uje tena. Anarudi, na mwalimu wake anarudi nae.

Urban Academy wana kitu chao kwenye fasihi ambacho nakipenda sana, mwanafunzi anasoma riwaya peke yake bila kufundishwa darasani, halafu anakaa kuijadili na mtu wa nje ambaye hajawahi kumfundisha. Mtu yule hamjui wala hana sababu ya kumwonea huruma. Mtoto aliyezoea kukaririshwa maelezo ya mwalimu hapo hana pa kujificha, na ndio hasa kinachotokea chuoni na kwenye usaili wa kazi, unakutana na mtu asiyekujua anakuuliza swali ambalo hukuliandaa.

Watu wa ajira kila siku wanalia kwamba vijana hawajui kujieleza, hawajui kufanya kazi mpaka ikaisha, hawapokei kurekebishwa. Kikao kile kinafundisha hayo matatu kwa mpigo. Na kulikuwa na kazi za nje pia, shule ya Meier iliwatoa watoto kila wiki kwenda kujitolea kwenye taasisi za mji, hospitali, makumbusho, ofisi, na hili likawa desturi kwenye shule nyingi za mtandao. Mtoto ambaye kwao hakuna anayefanya kazi ya ofisi anaona kwa macho watu wanaongeaje, wanafikaje kwa muda, wanaandikianaje. Naomba nieleweke, hawakuweka watoto wa chuo huku na watoto wa kazi kule. Wote walipita njia moja, na mtu akiamua baadae kwenda kazini moja kwa moja anaenda na uwezo ule ule wa kusoma, kuandika na kutetea hoja. Sababu ni rahisi, mtoto wa miaka 14 hajui atakuwa nani, na ukimpanga mapema anayepangwa pembeni ni yule yule wa kila siku, mtoto wa maskini.

Jengo lenyewe nalo walilibadilisha matumizi. Badala ya kulijaza sekondari tupu waliweka pia shule ya watoto wadogo, Ella Baker, kuanzia awali mpaka darasa la 8, wakaweka shule ya watoto wenye mahitaji maalum, kliniki ya afya, na sehemu ya kulelea watoto wachanga, ambayo iliwasaidia wasichana waliokwishazaa kuendelea na masomo huku mtoto yuko chini ghorofani analelewa. Kijana wa miaka 17 akipishana kwenye korido na mtoto wa miaka 5 anapunguza sauti na anapunguza matusi bila kuambiwa na mtu. Mashine za chuma mlangoni zikaondolewa. Ukumbi wa michezo, maktaba, jukwaa la maigizo vikawa vya wote, na wakuu wa shule zote walikuwa wanakaa pamoja kama baraza kupanga nani anatumia nini lini, hakuna mkuu mmoja juu ya wengine. Hapa wakajibu lile pingamizi kubwa la shule ndogo, kwamba shule ya watoto mia tatu haiwezi kuwa na jukwaa la maigizo wala ukumbi wa michezo. Peke yake haiwezi, kwenye jengo la pamoja inaweza.

Moja ya shule zilizohamia pale ni Manhattan International, ya watoto wahamiaji ambao wana chini ya miaka minne Marekani na Kiingereza chao bado. Pale watoto wanafanya kazi kwa vikundi, wanasaidiana kwa lugha zao, na Kiingereza wanakipata ndani ya sayansi na historia badala ya kusubiri mpaka kiive ndio wafundishwe mengine. Nayo ilitumia kazi za kutetea. Kwa mtoto aliyefika nchi juzi mtihani wa karatasi wa Kiingereza unapima Kiingereza hata kama umeandikwa biolojia juu.

Matokeo je. Linda Darling-Hammond na wenzake walifuatilia shule za mradi huu kwa miaka kadhaa na ripoti yao ikatoka 2002. Watoto walikuwa wa hali ile ile ya zamani, na kwa baadhi ya vigezo wenye shida zaidi, lakini mahudhurio yalipanda, fujo zikapungua, waliomaliza wakawa wengi kuliko shule ya zamani, na wengi sana kati ya waliomaliza wakaenda chuo. Sio wote walimaliza kwa miaka minne, kuna waliochukua mitano au sita, na shule zilikubali hilo wazi, kwao kipimo ni mtoto kufika, asiachwe njiani. Mimi naona ni sahihi kabisa, maana mtoto aliyetoka miaka mitano na kazi nne alizozitetea ana kitu mkononi.

Mwaka 2006 Hunter College, iliyo jirani, ilitaka kiwanja kile ijenge jengo la sayansi, na shule zihamishiwe jengo jipya kusini zaidi ya mji. Wazazi, wanafunzi na walimu wakapinga, na majirani wa mtaa ule wa matajiri wakasimama upande wa shule. Mpango ukafa. Hilo kwangu linatosha kueleza shule ilivyobadilika machoni mwa watu.

Sasa ile habari ya udogo peke yake. Baada ya sifa kuenea, taasisi ya Bill na Melinda Gates ikamwaga hela kwenye sekondari ndogo nchi nzima, kama dola bilioni 2 kwa miaka tisa, na kwenye barua yake ya 2009 Gates mwenyewe akakiri kwamba nyingi kati ya zile shule ndogo hazikupandisha matokeo ya wanafunzi kwa kiasi cha kuonekana. Kisa kinachotajwa sana ni Manual High School ya Denver. Ile mwaka 2001 iligawanywa kuwa shule tatu ndani ya jengo lile lile, watoto wale wale, na mambo yakaharibika, zikawa zinagombania vitu vya pamoja, watoto wakaondoka, na 2006 ikafungwa. Ukiweka Denver na Manhattan pembeni kwa pembeni unaona tofauti. Denver waligawanya watu waliopo. Manhattan waliacha cha zamani kiishe, wakajenga kipya nje kwa miaka miwili, wakachagua walimu wanaokitaka, wakabadilisha namna ya kupima, ndipo wakaingia jengoni. Anayetaka kuiga asichukue kipande cha udogo akaacha vingine, maana udogo ni masharti tu ya kuwezesha kazi, kazi yenyewe ni mlezi, insha inayosomwa na kikao cha kutetea.

Na New York yenyewe ilirudia kwa kiwango kikubwa. Kati ya 2002 na 2008, chini ya meya Bloomberg na mkuu wa elimu Joel Klein, jiji lilifunga zaidi ya sekondari kubwa 20 zilizokuwa zinafeli na likafungua zaidi ya shule ndogo 200, zenye watoto kama 100 kwa kila ngazi, yaani darasa la 9 lote watoto 100. Kwa vile nyingi zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, watoto walipangwa kwa namna ya bahati nasibu, na hiyo iliwapa watafiti wa MDRC, taasisi ya utafiti, nafasi nzuri, wanalinganisha mtoto aliyepata na mtoto aliyekosa, wote waliomba. Walifuatilia maelfu ya wanafunzi na wakakuta waliopata nafasi wanamaliza kwa tofauti ya karibu pointi 9 mpaka 10 za asilimia, takriban 70 dhidi ya 60, na walioenda chuo pia ni wengi zaidi. Na gharama kwa kila anayehitimu ikawa ndogo, kwa sababu mtoto asiyerudia rudia hagharimu mwaka wa tano. Nasema wazi, hii ni moja ya tafiti chache za elimu ambazo huwezi kuzisukuma pembeni kirahisi.

Lakini kulikuwa na watu walioumia, na siwezi kuwaacha. Shule kubwa zilipofungwa kwa kasi, watoto ambao hawakupata shule ndogo, wengi wao wahamiaji wapya na wenye mahitaji maalum au waliofika mwaka umeshaanza, walisukumwa kwenye shule kubwa zilizobaki, zikajaa, nazo zikaanza kudorora. Ukisema unaandaa watoto wote, hesabu yako lazima iwe na yule aliyefika mwezi wa pili bila karatasi. Julia Richman ilikuwa na majibu kidogo kwa hilo, Urban Academy kwa waliohama shule na Manhattan International kwa wahamiaji, kwa makusudi, tangu mwanzo. Upanuzi wa jiji ulikuja na kasi kuliko uangalifu huo.

Vita nyingine ilikuwa ya mitihani. Kamishna aliyemfuata Sobol, Richard Mills, alitaka kila mtoto wa jimbo apite Regents tano, na akakataa kuendeleza ruhusa ya hizi shule. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, alisema kipimo kimoja kwa wote ndio kinga ya mtoto maskini asipewe elimu hafifu. Na kweli, kuna shule zingetumia "kazi za kutetea" kama kichaka cha kuficha uzembe. Walimu, wazazi na wanafunzi wakaenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuandamana, wakaenda mahakamani, wakaenda kwa wabunge wa jimbo, na mwishowe ruhusa ikabaki, isipokuwa mtihani wa Kiingereza ambao wanaufanya kama wengine. Jibu lililonishawishi mimi ni kwamba mtandao wao haukuacha kila shule ijipimie, vigezo ni vya pamoja, kazi za shule moja zinasomwa na walimu wa shule nyingine, na watu wa nje wanakaa kwenye majopo. Kinga ipo, ni ghali zaidi tu kwa muda wa walimu.

Kwa miaka mingi kilibaki kikwazo cha upande wa pili wa mlango. Mtoto anatoka na kazi nne nzuri, lakini chuo kilikuwa kinaangalia alama za SAT, mtihani wa kuombea chuo, ambazo kwa watoto hawa mara nyingi ziko chini. Hapo CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya jiji, wakakubali jaribio na mtandao huu, kwamba mwanafunzi ambaye SAT yake haifiki kiwango aweze kufikiriwa kwa kazi zake na maelezo ya walimu wake. Utafiti uliotoka 2020 ukakuta wanafunzi wa jaribio hilo waliingia CUNY na SAT za chini kuliko wenzao wa shule nyingine za jiji, lakini kwa wastani walipata alama nzuri zaidi muhula wa kwanza na wengi zaidi waliendelea na masomo. Yaani kipimo kilichokuwa kinasema hawajaiva kilikuwa kinakosea kwa watu hawa, na walimu waliokaa nao miaka minne walikuwa wanajua.

Na Novemba 2024 jimbo la New York likatangaza mpango wa kuacha kulazimisha Regents kama sharti la kumaliza sekondari, kuanzia mwaka wa masomo 2027-28, mwanafunzi aweze kuonyesha uwezo wake kwa njia nyingine ikiwemo kazi na miradi. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo kwa sasa. Mtandao wa Cook na wenzake ulikuwa na shule kama 40 ambazo walimu wake walichagua kuwepo na wamefanya hivi miaka thelathini. Jimbo zima lina mamia ya sekondari ambazo mwalimu bado anakutana na watoto 150 kwa siku, na kama wataondoa mtihani bila kupunguza hiyo namba na bila kuwapa walimu muda wa kusoma kazi za shule nyingine, majopo yatakuwa ya kupiga muhuri. Kwa hiyo swali la kumuuliza yeyote anayekuja na mpango wa kubadili sekondari, New York au kwingine, ni la namba: mwalimu mmoja atasoma kazi za watoto wangapi, na amepewa masaa mangapi ya kuzisoma.